Igizo Kila Jumamosi, Kiingilio Buku Tatu

Mtu wa Manzese akitaka kuangalia filamu leo jioni hana haja ya kupanga. Anavaa kandambili, anavuka barabara, anaingia kibanda umiza. Kiingilio ni kidogo, filamu ina mtu wa kuitafsiri, na ikimchosha anatoka bila kumuaga mtu. Mtu huyohuyo akitaka igizo la jukwaani, kwanza lazima abahatike kusikia kwamba lipo. Kisha ataambiwa liko Upanga au Masaki, mara moja tu, Ijumaa saa 2 usiku, ndani ya jengo ambalo hajawahi kukanyaga, na litaisha wakati daladala za kwao zimekwisha. Mdai elfu kumi juu ya hayo yote, uone kama atakuja.

Vikundi vingi vikiona viti vitupu hukimbilia kupunguza kiingilio. Bei ni tatizo kweli, lakini si la kwanza. Kibanda umiza kinapendwa kwa sababu kiko karibu, kiko kila siku, saa zake zinajulikana, na hakuna anayekutazama umevaa nini. Suala la bei linakuja baada ya hayo. Basi mwongozo huu ni kwa kiongozi wa kikundi kidogo, watu watano au sita wenye igizo moja zuri na mfuko mwepesi, anayetaka watu wa mtaa wake waje jukwaani kama wanavyokwenda kwenye video. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam. Aliyeko Mwanza, Mombasa au Bujumbura atabadilisha majina ya vituo.

Jambo hili limewahi kufanyika hapahapa mjini. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano, na baadaye TOT ya marehemu Kapteni John Komba, vilijaza kumbi na baa za Dar es Salaam. Kwa kiingilio kimoja mtu alipata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu. Waliokuja kwa ajili ya taarabu waliangalia igizo, na waliokuja kwa ajili ya igizo walicheza taarabu. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, waigizaji wengi walihamia huko, kisha wakaenda kwenye filamu za video. Watazamaji wao hawakwenda mbali. Bado wako Buguruni na Tandika, wameketi mbele ya skrini kwa sababu ndicho kitu kilichobaki karibu nao.

Mahali na saa

Anza na ukumbi ambao watu tayari wanaijua njia yake. Ukumbi wa shule ya msingi, wa kata, wa parokia, au baa ya mtaani yenye paa kubwa. Kila mmoja una kasoro yake. Ukumbi wa shule ni wa bei nafuu ila viti ni madawati ya watoto, na mtu mzima hakai humo saa nzima bila kulalamika kiuno. Baa ina kila kitu: viti vya plastiki, taa, spika, vyoo, na mwenye baa anaweza kukupa eneo bure akijua atauza soda na bia. Lakini kina mama wengi hawataleta watoto baa, na Waislamu wengi hawataingia. Kama huna njia nyingine, kubaliana na mwenye baa kwamba hadi igizo liishe hakuna bia, kisha liandike hilo kwenye bango kwa herufi kubwa.

Kabla ya kulipa senti moja, nenda ukumbini siku ileile ya wiki na saa ileile utakayoonyesha. Kaa nyuma kabisa, mwambie mwenzako asimame mbele aseme kwa sauti ya kawaida. Utagundua mambo ambayo mwenye ukumbi hakukuambia. Jirani ana mashine ya kusaga. Jua la jioni linaingia dirishani na kumpiga mwigizaji usoni. Paa ni bati tupu, na mwezi wa Aprili mvua ya masika ikianza kupiga hapo hakuna atakayesikia neno, hata uwe na maiki tatu. Kagua choo cha wanawake. Hesabu ngazi za mlangoni: zikiwepo mbili tu, mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kuingia bila kubebwa, na wengi hawapendi kubebwa mbele ya watu. Fundi wa mbao atakutengenezea mteremko wa mbao kwa siku moja.

Saa ndiyo inayoua vikundi vingi. Usiku wa Ijumaa ni wa watu wenye magari. Ninapendekeza Jumamosi mchana, maonyesho mawili: la kwanza saa 8, la pili saa 10 na nusu. Igizo lisizidi dakika 75. Hapo sala ya Alasiri inapita katikati ya maonyesho, na la pili linakwisha kabla ya Magharibi, daladala zikiwa bado zimejaa barabarani na mama akiwa na muda wa kwenda kupika. Onyesho la saa 8 lina joto, hilo nalikubali; fungua madirisha, ukodi feni mbili, na ulielekeze zaidi kwa watoto na vijana. Angalia pia ratiba ya mpira. Siku ya Simba na Yanga usipange chochote, hata kama ukumbi ni wa bure.

Kuna somo la saa kutoka Limuru, Kenya. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye nafasi za watu zaidi ya 2,000, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali iliipiga marufuku baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huohuo. Hayo ndiyo yanayosimuliwa daima, na ni haki yasimuliwe. Kwa kazi yako, hata hivyo, tazama mambo mawili madogo. Saa ya onyesho ilichaguliwa na washiriki wenyewe, wakulima na vibarua: Jumapili mchana, kwa sababu Limuru usiku ni baridi. Halafu mazoezi yalifanywa hadharani. Mpita njia alisimama, akaangalia, akasema huyu mzee hazungumzi hivyo, na waigizaji wakarekebisha. Siku ya kwanza ilipofika, kijiji kizima kilikuwa kinalijua igizo na kililiona ni lake.

Fanya vivyo hivyo. Wiki mbili za mwisho, toeni mazoezi nje, uwanjani, Jumanne na Alhamisi jioni. Tuseme igizo lenu lina mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Muuza vitumbua ataangalia tukio hilo na kuwaambia mwenye nyumba hagongi mlango hivyo. Mwenye nyumba anaanza kwa kusalimia, anauliza habari za watoto, anasifia pazia jipya, ndipo anaitaja kodi. Maoni hayo hayapatikani chuoni, na aliyeyatoa atakuja Jumamosi kuona kama mlimsikiliza.

Hesabu

Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walichapisha kitabu kuhusu uchumi wa sanaa za jukwaani. Hoja yao kubwa ni rahisi kuishika. Kiwandani mashine inamwezesha mtu mmoja kutoa mali nyingi zaidi kila mwaka, kwa hiyo mishahara inaweza kupanda bila bei ya bidhaa kupanda sana. Jukwaani hakuna mashine ya namna hiyo. Igizo la waigizaji wanne na dakika 75 litahitaji waigizaji wanne na dakika 75 mwakani pia, na nauli yao itakuwa imepanda. Filamu hurekodiwa mara moja, ikanakiliwa kwenye flashi, ikaonyeshwa Tandale na Tabora kwa saa ileile. Usijidanganye kwamba utashindana na hilo ana kwa ana.

Unachoweza kufanya ni kurudia. Vikundi vyetu vina ugonjwa wa onyesho la mara moja: miezi miwili ya mazoezi, usiku mmoja wa vifijo, basi. Tufanye hesabu ya mfano, nawe utaweka tarakimu za kwenu. Tuseme gharama za mwanzo, yaani nauli na chai ya mazoezi, mavazi, mbao, rangi na mabango, ni shilingi 900,000. Kila siku ya onyesho ukumbi ni 80,000, spika na umeme 30,000, usafiri wa vifaa 20,000. Watu sita wa kikundi, kila mmoja posho ya 15,000 kwa onyesho, ni 90,000. Ukumbi unachukua watu 120.

Ukionyesha mara moja tu, umetumia 1,120,000. Hata ukijaza kila kiti, kila mtazamaji amekugharimu zaidi ya 9,300. Sasa onyesha Jumamosi sita mfululizo, mara mbili kwa siku. Jumla ni 2,760,000, na kila kiti kikijaa, mtazamaji mmoja anakugharimu 1,917. Igizo ni lilelile na waigizaji ni walewale.

Lakini hutajaza kila kiti, na hapa ndipo wengi huanguka: wanapanga bei kwa ukumbi uliojaa. Panga kwa theluthi mbili. Wakija watu 80 kwa wastani, gharama ni 2,875 kwa kichwa, hivyo kiingilio cha 3,000 kinarudisha pesa na kubakiza kidogo. Wakija 60, unapoteza. Kwa hiyo jua mapema kwamba 80 ndiyo namba yako, iandike ukutani mnapofanyia mazoezi, na kila mwanakikundi aijue. Buku tatu haifikii bei ya kibanda umiza na haitafika. Ni kama sahani ya chipsi mayai, na watu hununua chipsi mayai bila kuitisha kikao cha familia.

Punguza mandhari kabla ya kupunguza posho. Jumba la National Theatre la London lilipoanza mwaka 2003 kuuza sehemu kubwa ya viti vya ukumbi wake mkubwa, Olivier, kwa pauni 10, maonyesho ya msimu ule yalipangwa kwa mandhari machache na ya gharama ndogo, na kampuni ya kubadilisha fedha ikatoa udhamini. Wao wana ruzuku ya serikali ambayo wewe huna, ila njia yao inaigika: pesa iende kwa watu walio jukwaani. Mlango mmoja wa mbao unaosimama wenyewe, meza, viti viwili, kamba yenye kanga tatu zilizoanikwa. Kanga zikiondolewa, uani pamekuwa sebuleni. Vyote viingie kwenye guta moja. Kitu kisichoingia kwenye guta hakihitajiki.

Waigizaji wanne wanatosha, kila mmoja akiwa na nafasi mbili. Kofia na namna ya kutembea vinamgeuza mtu haraka kuliko nguo mpya. Na kila neno lisikike bila maiki, maana umeme ukikatika dakika ya 40 lazima muendelee kwa taa za chaji bila kusimama. Fanyeni zoezi moja zima gizani.

Kuhusu bure

Nina msimamo hapa, na najua wapo watakaonipinga. Usionyeshe bure. Kwa miongo kadhaa miradi ya afya na maendeleo imepeleka maigizo uwanjani bila kiingilio, mengine mazuri sana, na fulana juu yake. Matokeo yake ni kwamba mtaani igizo limekuwa kitu kinacholetwa na mradi: linafika na gari, linafundisha kunawa mikono, linaondoka. Hakuna anayelisubiri wiki ijayo. Mtu aliyetoa hata buku anaketi kwa namna nyingine. Anadai haki yake, anakukasirikia ukichelewa, na ukimfurahisha anarudi na shemeji yake. Watoto chini ya miaka 12 walipe 1,000, ila usiwahesabu katika wale 80. Asiyekuwa nacho kabisa, mwenye mlango awe na ruhusa ya kumpitisha kimyakimya, watu wachache kwa kila onyesho, bila kutangaza na bila kuhoji.

Pesa ya ziada itafute kwingine. Duka la vifaa vya ujenzi litalipia bango zima likiruhusiwa kuweka jina lake chini. Soda, maji, mihogo ya kukaanga na karanga viuzwe na mtu wenu, au mpe mama wa mtaa huo nafasi kwa makubaliano.

Siku za kazi zipeleke shuleni. Kenya vikundi vimeishi miaka mingi kwa kuigiza tamthilia za kutahiniwa, kama Kigogo ya Pauline Kea au Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, vikizunguka shule za sekondari. Shule inapanga siku, wanafunzi wanachangia kidogo kila mmoja, ukumbi umejaa bila bango. Kwetu wanafunzi wa sekondari wamesoma kwa miaka mingi Orodha, Kilio Chetu na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, lakini wengi wao wamezikuta kwenye karatasi tu. Mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu ndiye mtu wa kumwona kwanza, kabla ya mkuu wa shule. Mwandishi au mchapishaji aombwe ruhusa kwa maandishi, hata kama kila mtu atakuambia si lazima.

Mlangoni

Mtazamaji mpya anaamua mlangoni kama atarudi. Weka pale mtu anayejulikana mtaani, ikiwezekana mama au kijana mwenye uso mchangamfu; mwigizaji mwenye vipodozi usoni asikae kukata tiketi. Awe na lipa namba iliyoandikwa kubwa na bahasha ya chenji. Kiingilio cha buku tatu maana yake noti za elfu tano na elfu kumi zitamiminika, na foleni nzima inaweza kukwama kwa kukosa noti mbili za buku. Vunja pesa tangu Ijumaa. Mtandao wa simu ukigoma, mwandike mtu jina na namba, mpitishe, atalipa akitoka. Wengi watalipa.

Tiketi iwe muhuri mkononi. Ni rahisi kuliko karatasi, na watoto wanaupenda.

Anza kwa saa uliyotangaza, hata wakiwa kumi na moja. Jumamosi ya kwanza watu watakuja wamechelewa na kununa. Ya pili watafika mapema. Anayechelewa aingie nyuma wakati wa wimbo, asipitishwe mbele ya jukwaa. Mbele kabisa tandika mikeka ya watoto, ubakize nafasi pana pembeni kwa kiti cha magurudumu na mtu aliyefuatana naye. Kwa wasiosikia, tafuta mkalimani wa lugha ya alama, umpe nakala ya igizo mapema, na utangaze ni onyesho gani atakuwepo. Mkalimani anayeliona igizo kwa mara ya kwanza jukwaani hatamsaidia mtu. Asimame palipo na mwanga, karibu na waigizaji. Mtoto mchanga akilia, mama yake asifukuzwe. Jukwaa la mtaani lina kelele, na mwigizaji mzuri anajua kungoja.

Matangazo yafanye kwa sentensi moja isiyobadilika kwa wiki sita: jina la igizo, kila Jumamosi saa 8 na saa 10 na nusu, ukumbi fulani, buku tatu. Kijiwe cha bodaboda, saluni, mashine ya kusaga, makundi ya WhatsApp ya wazazi. Video ya dakika moja iishie pale mlango unapogongwa. Usiweke igizo zima mtandaoni msimu ukiendelea.

Vibali vishughulikie mapema ili visikuharibie Jumamosi. Tanzania kikundi husajiliwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na michezo ya jukwaani imo katika Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inayosimamiwa na Bodi ya Filamu. Anza kwa afisa utamaduni wa wilaya. Atakuambia kinachotakiwa sasa na ada zake, pamoja na ushuru wowote wa halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa umwone pia, na mpe kiti cha mbele.

Baada ya Jumamosi ya tatu kaeni na daftari. Kama wastani uko chini ya 50, tatizo huenda ni igizo lenyewe au mahali. Kushusha bei hakutasaidia, bora msimamishe na muokoe pesa ya wiki tatu zilizobaki. Kama uko kati ya 50 na 80, ongezeni mazoezi ya hadharani na muone nani hajafikiwa. Ukivuka 80, anzeni Jumatano mazoezi ya igizo la pili, ukumbi uleule, saa zilezile, na bango lake libandikwe mlangoni kabla ya Jumamosi ya sita.